Hazina ya Mtu Binafsi na Akili Mnemba: Nani Ajuaye?

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na katika mali zote za mwanadamu hakuna ipoteayo kwa haraka na kwa kimya kama maarifa. Mtu husoma kitabu kizima, husikiliza hotuba, huketi na mzee jioni nzima, na baada ya mwaka mmoja hubakiwa na majina mawili matatu na ladha kidogo mdomoni. Kwa sababu hiyo watu wa kila taifa wamejitafutia njia za kuweka akiba ya yale waliyoyajua. Siku hizi imezuka njia mpya, nayo imeanza kuingia maofisini mwetu, vyuoni, na hata katika shule zetu za sekondari. Mtu hukusanya maandishi yake yote, yaani muhtasari wa vitabu alivyosoma, madokezo ya kazi, barua, na mambo aliyosimuliwa, akayaingiza katika kompyuta, kisha akaiunganisha hazina hiyo na msaidizi wa akili mnemba ili aiulize kwa lugha ya kawaida na kupata jibu. Sisi tunataka kulitazama jambo hili, si kwa jicho la fundi wa mitambo, kwani hiyo si kazi yetu, bali kwa jicho la mtu anayeuliza: hayo yakishafanyika, nani ajuaye? Ni mwenye hazina, ni daftari lake, au ni ile mashine?

Kwanza tuafikiane juu ya jina. Wengine husema akili bandia, wengine akili unde, na hapa Tanzania jina lililoenea ni akili mnemba. Tutalitumia hilo, ingawa neno "akili" lenyewe ndilo lenye kututia shaka. Tangu Novemba 2022, ilipotolewa kwa umma programu iitwayo ChatGPT, watu wa kawaida wamezoea kuandikiana na mashine kana kwamba wanaandikiana na mtu. Lakini mashine ya namna hiyo, ikiachwa peke yake, hujibu kutokana na yale iliyofunzwa, nayo ni shehena kubwa mno ya maandishi ambayo sehemu yake kubwa ni ya Kiingereza, na fungu la Kiswahili ni dogo. Haijui aliyokusimulia babu yako. Haijui uliyoyaandika katika daftari lako la historia ulipokuwa kidato cha pili. Ndipo ilipokuja fikra ya kuifungulia hazina ya mtu binafsi.

Namna yenyewe si ngumu kueleweka. Maandishi hukatwa vipande vipande, pengine aya moja moja. Kila kipande hugeuzwa kuwa safu ndefu ya namba inayowakilisha, kwa kadiri mashine iwezavyo, maana ya kipande kile, hata vipande vyenye maana zinazokaribiana vikawa na namba zinazokaribiana. Mwenye hazina anapouliza swali, swali nalo hugeuzwa namba, vikatafutwa vipande vilivyo jirani nalo. Vipande hivyo vichache hupelekwa kwa msaidizi pamoja na swali, na msaidizi hutunga jibu. Wataalamu waliieleza njia hii katika maandishi yao ya mwaka 2020, na tangu hapo imeenea. La kushika hapa ni kwamba zipo kazi mbili zilizo mbali mbali, moja ni kutafuta na ya pili ni kusema.

Tamaa ya kuwa na hazina inayojibu si ya jana. Mwaka 1945 mhandisi wa Marekani, Vannevar Bush, aliandika katika jarida la The Atlantic juu ya meza ya kufikirika aliyoiita memex, ambayo ndani yake mtu angeweka vitabu, barua na kumbukumbu zake zote kwa picha ndogondogo za filamu, akaziunganisha kwa njia azichaguazo mwenyewe. Meza hiyo haikuundwa. Lakini huko Ujerumani mwanazuoni wa elimu ya jamii, Niklas Luhmann, aliyefariki mwaka 1998, aliifanya kazi ya namna hiyo kwa karatasi tupu. Kwa miaka mingi aliandika vikaratasi, akavipa namba, akaelekeza kimoja kwa kingine na kuvipanga katika masanduku, hata vikafikia takriban 90,000. Mwaka 1981 aliandika insha akieleza kwamba sanduku lile lilikuwa kwake mwenzi wa mazungumzo, kwa kuwa lilimrudishia mambo aliyokwisha kuyasahau, tena katika mpangilio asioutarajia. Ndugu msomaji aangalie jambo moja: sanduku halikutunga hata neno. Kila lililotoka humo lilikuwa limeandikwa na mkono wa Luhmann, na kazi ya kulinganisha na kuamua ilibaki kwake.

Swali letu ni kongwe kuliko sanduku hilo. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Plato wa Uyunani aliandika mazungumzo yaitwayo Phaedrus, na ndani yake Socrates anasimulia kisa cha mfalme wa Misri, Thamus, aliyeletewa na mungu Theuth uvumbuzi wa herufi. Theuth aliusifu kuwa ni dawa ya kumbukumbu. Mfalme hakukubali. Aliona kwamba watu wakizitegemea alama za nje wataacha kuitumia kumbukumbu iliyo ndani yao, nao watakuwa na sura ya wajuzi pasipo ujuzi. Lawama hiyo hutajwa kila kinapotokea chombo kipya, mpaka imechakaa, na daima hatakosekana mtu wa kukumbusha kwamba tusingeijua lau Plato asingeiandika. Lakini Socrates aliongeza lawama nyingine mbili zisizotajwa sana, nazo ndizo zinazotuhusu. Alisema maandishi ni bubu: ukiyauliza yanakusudia nini, hukariri neno lilelile siku zote. Tena alisema hayajui yaseme na nani na yanyamaze mbele ya nani. Yakishaandikwa huzurura mikononi mwa kila mtu, na yakidhulumiwa hayana mtetezi ila yule aliyeyazaa.

Tuitazame ile ya ububu. Kwa zaidi ya miaka 2,300 ilikuwa kweli tupu. Leo daftari limefunguliwa kinywa.

Sisi tunayo madaftari 37 tuliyoyajaza katika utumishi wetu wa mikoa mbalimbali: maneno ya mahali, methali, maelezo ya wavuvi na wakulima, na mashairi tuliyopewa na wenye kuyajua. Kijana mmoja, mwana wa mdogo wetu, aliyachapa pole pole katika kompyuta na kuyaunganisha na msaidizi. Tulipoketi kuijaribu kazi yake tuliuliza: kipindi kilicho baina ya kaskazi na kusi, pepo zinapokuwa hazijatulia, watu wa pwani hukiitaje? Msaidizi alileta vipande viwili. Kimoja tulikiandika Pangani, nacho kina neno maleleji. Cha pili tulikiandika Kilwa miaka 15 baadaye, nacho kina neno tangambili. Lau tungetafuta kwa neno, kama mtu atafutavyo katika faharasa ya kitabu, kwa maleleji tungefika Pangani tukaishia huko, maana kila mahali pana jina lake. Wala hatukupata kuyaweka maneno hayo mawili pamoja hata siku moja. Tulifurahi kwa kweli, na yeyote adaiye kuwa chombo hiki hakina faida hajapata kutafuta neno moja katika madaftari 37 kwa mwanga wa kandili.

Lakini chini ya vipande hivyo msaidizi aliongeza sentensi ya tatu: kwamba katika majira hayo wavuvi wa Kilwa hawaingii baharini kabisa. Ilikuwa sentensi nzuri, na Kiswahili chake hakikuwa na ila. Tukauliza, haya yameandikwa ukurasa gani? Hayakuwamo. Hapana mvuvi aliyetuambia hivyo, wala sisi hatukuandika. Sentensi ile ilizaliwa kwa sababu ilifanana na sentensi ambazo aghalabu hufuata maneno kama yale. Kazi ya kutafuta ilifanywa vema, ikaja kazi ya kusema ikaleta lisilokuwapo, na halikuja na alama yoyote ya kulitenga na yale mawili ya kweli. Mgeni angeyanukuu yote matatu, na baada ya miaka michache ingesomwa vitabuni kwamba "wavuvi wa Kilwa husema".

Hilo ni la uongo ulio wazi, na uongo ulio wazi hushikika. Yapo yaliyofichika zaidi, nayo hutokana na lugha ambayo kwayo mashine ilifunzwa. Katika madaftari yetu mna maelezo ya nasaba za watu, na mahali pengi pameandikwa "baba mdogo" na "mjomba". Tulipoomba muhtasari wa nasaba moja, baba mdogo wa mtu yule alitokea katika jibu akiwa mjomba. Sababu si vigumu kuikisia: Kiingereza huwaita wote wawili kwa jina moja, na aliyepitia njia hiyo akirudi hurudi na yeyote kati yao. Mwenye kuiona hii kuwa ni kasoro ndogo hajakaa katika kikao cha mirathi. Katika mirathi ya Kiislamu ndugu wa baba ni miongoni mwa asaba na huweza kurithi, ilhali ndugu wa mama huhesabiwa katika dhawil-arham, walio nyuma kabisa. Na kwa Waluguru au Wayao, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba ndiye mwenye neno. Neno moja likigeuka, shamba linageuka. Yule kijana wetu hutuita "baba mkubwa", na tulimwambia kwa mzaha kwamba mashine hii karibu itamvua heshima hiyo.

Hata saa hazisalimiki. Tuliandika mahali kuwa mtoto alizaliwa saa nane usiku, na katika jibu la msaidizi ikawa ni saa 20:00, ambayo kwetu ni saa mbili usiku. Mzungumzaji yeyote wa Kiswahili, hata mtoto wa darasa la pili, asingekosea hapo.

Kwa hiyo ni kweli kwamba daftari si bubu tena, lakini limepewa ulimi wa kuazima, na ulimi huo una mazoea ya nyumba nyingine. Hapo ndipo swali la nani ajuaye linapopata uzito. Vijana wengi hutujibu kwa hoja ambayo haifai kudharauliwa. Husema: mzee, nanyi watumishi wa Serikali hamkukumbuka kila jalada, jalada lilikuwa masjala, karani akalileta, nanyi mkahesabiwa kuwa mnajua mambo ya idara yenu. Tofauti iko wapi?

Twakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Hakuna mtu ajuaye kwa kichwa chake peke yake. Lakini tuitazame masjala jinsi ilivyo hasa. Karani alipoagizwa jambo, alileta jalada lenyewe. Hakuleta habari ya jalada akaliacha chini. Ndani yake kila karatasi ilikuwa na namba yake ya folio kwa mfululizo, hata ikinyofolewa moja ikajulikana. Kila dokezo, hata dokezo sabili la mistari mitatu, lilikuwa na cheo cha aliyeandika, sahihi yake na tarehe. Mkuu alisoma, akaandika maoni yake kwa kalamu yake, na kama maoni yale yalileta hasara, palikuwa na jina la kuitwa. Karani mwema alikuwa ni yule aliyejua kutafuta na ambaye hakutamani kusema. Msaidizi wa akili mnemba ni karani hodari kuliko wote tuliopata kuwaona, ila ana tabia ya kuandika maoni ndani ya jalada bila kutia sahihi.

Basi kujua ni nini? Si kuwa na jambo kichwani tu. Kasuku naye analo. Wala si kuwa na jambo mahali fulani unakoweza kulifikia. Kwa hesabu hiyo kila mwenye ufunguo wa maktaba angekuwa mwanazuoni. Kwa maoni yetu ajuaye ni yule awezaye kuidhamini kauli yake. Aweza kusema ameitoa wapi na kwa nani. Aweza kuieleza kwa maneno mengine. Ikipotoshwa mbele yake huhisi kwamba imepotoshwa, hata kabla ya kufungua daftari, kama sisi tulivyohisi mara moja kuwa maneno ya wavuvi wasioingia baharini si yetu. Na ikimdhuru mtu, yeye hubeba lawama. Katika sharti hizi nne, mashine hutimiza la pili kwa ustadi mkubwa, la kwanza kwa nusu nusu, na la nne haiwezi kamwe, kwa kuwa haina uso wa kuona haya. Lile la tatu ndilo linalotutisha kwa ajili ya vijana, maana ni sharti ambalo mwenye hazina mwenyewe aweza kulipoteza pasipo kujua.

Wanazuoni wa Hadithi walilijua jambo hili zamani. Kwao kauli isiyo na isnadi, yaani mlolongo wa waliopokezana, haikuwa na nguvu hata ingalikuwa nzuri namna gani, nao walichunguza kila mtu katika mlolongo huo: alikuwa mkweli? alikuwa na kumbukumbu thabiti? alikutana kweli na huyo anayedai kumsikia? Nasi katika fasihi yetu tunao mfano. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, alifariki yapata mwaka 1840. Lau tungalitegemea watu kuimba tu, huenda leo tungalikuwa na beti zake chache zilizokosa mwanzo na mwisho. Aliyetuokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mjuzi wa Mombasa, ambaye katika karne hiyohiyo ya 19 alimwandikia W. E. Taylor mashairi hayo kwa hati ya Kiarabu na kumweleza maana zake. Karatasi zilivuka bahari zikafika London, na mwaka 1940 William Hichens aliyachapisha kwa jina la Diwani ya Muyaka huko Johannesburg.

Sikujua hakuwa sanduku la kuwekea mashairi. Alijua ni shairi gani lilijibu lipi, na neno lipi la Kimvita lilikuwa likimchoma nani. Shairi la majibizano bila habari ya aliyejibiwa ni nusu ya shairi, na habari hiyo haikai katika mizani wala vina. Ikiwa leo mtu atayaingiza mashairi hayo katika hazina yake bila jina la Sikujua, atapata majibu mengi fasaha, na atakuwa amelikata tawi lililozaa matunda hayo.

Kutokana na haya tunao ushauri kwa wale wanaotaka kujenga hazina za namna hii, na hasa kwa wanafunzi. Kila kipande kiandikwe pamoja na shahidi wake: kitabu gani na ukurasa upi, au mtu gani, mahali gani, mwaka gani. Jina la shahidi liwekwe ndani ya kipande chenyewe, maana maandishi yatakatwa vipande, na jina lililoandikwa juu ya jalada la daftari halitafuatana na aya ya katikati. Msaidizi aagizwe daima kutoa kipande kama kilivyoandikwa kabla ya kutoa maneno yake mwenyewe, na asipokuta kitu aseme hakukuta. Agizo hilo husaidia ingawa halimalizi kazi. Kuhakiki kunabaki kwa mtu.

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni hili la nani aandike kipande. Vijana wameonyeshwa kwamba msaidizi aweza kusoma sura nzima ya kitabu na kuitoa kwa mistari kumi, na mistari hiyo ikaingizwa hazinani moja kwa moja. Hazina hujaa kwa wiki moja. Mwanafunzi hutazama wingi wake akajiona tajiri, na siku ya mtihani hukuta kwamba hana kitu, kwa sababu hata siku moja maneno yale hayakupita mkononi mwake. Mwalimu yeyote aliyefundisha kuandika muhtasari anajua kwamba muhtasari wenyewe hauna thamani kubwa. Waweza kuuchoma baada ya kuusahihisha. Thamani imo katika robo saa ile ambayo mwanafunzi aliuma kalamu akitafuta ni neno lipi liache na lipi libaki. Hapo ndipo jambo linapopata mahali pa kukaa ndani yake, na ndipo linapozaliwa lile sharti la tatu tulilolitaja, la kuhisi upotoshaji. Anayeikabidhi mashine robo saa ile ameuza mbegu na kubaki na ghala. Kwa hiyo sisi tungependa shule iruhusu msaidizi atafute, hata aulize maswali ya kumpima mwanafunzi juu ya maandishi ya mwanafunzi mwenyewe, jambo ambalo alifanya vizuri sana tulipomjaribu, lakini kuandika kuwe kazi ya mwanafunzi.

Sasa tuje kwenye lawama ya mwisho ya Socrates, kwamba maandishi hayajui yanyamaze mbele ya nani. Hii haikupungua kwa daftari kufunguliwa kinywa. Imezidi.

Katika madaftari yetu mna mambo yasiyo yetu. Mama mmoja alitueleza dawa ya mti fulani akasema, haya nakuambia wewe kwa kuwa ulimzika mume wangu. Mzee mmoja alitueleza asili ya ugomvi wa koo mbili, akataka yasitoke mpaka wahusika wote wawe wamekwisha. Wapo waliotueleza madeni yao na maradhi yao. Katika Kiswahili tunalo neno amana, nalo halina maana ya siri tu. Amana ni kitu cha mwingine kilicho mikononi mwako, ambacho huna ruhusa ya kukitumia ila kwa masharti ya mwenyewe. Daftari likikaa sandukuni, amana imelindwa na kufuli na uvivu wa watu. Likiingizwa katika mtambo, mara nyingi vipande husafirishwa hadi kwenye mashine za kampuni iliyo nchi nyingine ili jibu litungwe huko, na mwenye hazina mara nyingi hajui yatakaa huko muda gani, nani atayasoma, au kama yatatumika kuifunza mashine ijayo. Nchi zimeanza kulitambua jambo hili. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ilianza kutumika Mei 2023. Sheria ni nzuri, lakini humlinda mtu ambaye jina lake limeandikwa. Hatuoni jinsi itakavyomlinda yule mama ambaye mti wake umeingia katika maarifa ya ulimwengu bila jina lake, akawa kama hakupata kuwako.

Kijana wetu alituambia kwamba yako mafumbuzi, na ni kweli. Iko mifumo midogo ya akili mnemba ambayo mtu aweza kuiweka katika kompyuta yake mwenyewe isitoke nje, ingawa inahitaji mashine yenye nguvu, na Kiswahili chake mara nyingi ni dhaifu kuliko cha ile mikubwa. Lakini hata hapo swali la maadili halikwishi, maana yule mama hakutoa ruhusa kwa kompyuta yoyote, ya mbali wala ya karibu. Aliangalia uso wa mtu, akakumbuka mazishi, akasema. Sisi tumeamua kuyatoa madaftari manne kati ya yale 37. Hayakuchapwa, na hayatachapwa maadam tuko hai. Kijana aliona kuwa tumeitia hazina pengo, na alisema kweli. Tulimweleza kwamba mwenye kujua jambo ni pamoja na kujua asiliseme wapi, na kwamba pengo hilo nalo ni sehemu ya tunayoyajua.

Yapo pia mambo ya warithi, ambayo watu huyafikiria wakiwa wamechelewa. Karatasi za Sikujua zilifaa miaka hamsini baada ya kifo chake, kilichotokea mwaka 1890, kwa sababu wino na karatasi havidai ada ya mwezi. Hazina nyingi za leo zimefungwa ndani ya programu ya mwenye kuiuza. Ada isipolipwa mlango hufungwa, na nywila hufa na mwenyewe. Kwa ajili hiyo tuliomba maandishi yetu yahifadhiwe kwa namna nyepesi kuliko zote, ya herufi tupu zisizo na pambo, ambazo kompyuta yoyote huzifungua bila kumwomba mtu ruhusa, na msaidizi awe ni mgeni anayeingia na kutoka, asiwe ndiye nyumba. Tuliomba pia ichapwe nakala moja ya karatasi kila mwaka. Kijana alicheka kidogo, kwa heshima, akauliza ni nani atakayezisoma karatasi zote hizo. Kisha alikwenda kununua rimu mbili, na nakala ya kwanza imo katika sanduku la mvule chini ya dirisha, pamoja na daftari la Pangani na lile la Kilwa.